Sifa za Mtukufu na Mashine za Fumbo

Nchi ninayoieleza hapa hamuijui. Nimeitafuta kwenye ramani zote zinazobandikwa maofisini na sikuiona, kwa hiyo yeyote atakayesema ameitambua, hilo ni lake na dhamiri yake. Asinihusishe. Mimi naeleza tu.

Nchi hiyo ilikuwa na Mtukufu, na Mtukufu alikuwa na sifa sita. Alikuwa Mtukufu Rais, Amiri Jeshi wa Nchi Kavu na Bahari, Baba wa Mvua, Mhandisi wa Amani, Daktari wa Madaktari, na Mshindi wa Kilima cha Mbuzi. Bunge lilizipitisha kwa kauli moja. Mbunge aliyetaka kuwe na kauli ya pili alifariki ghafla kwa malaria, mwezi ambao mbu wenyewe walikuwa hawajaanza kazi.

Msiniulize kuhusu bahari. Bahari iko safari ya siku nne kwa lori na ni ya watu wengine. Kuhusu mvua, tulikaa miaka miwili bila kuiona, na tukaambiwa baba anaadhibu wanawe. Lakini Kilima cha Mbuzi nakijua vizuri, maana nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimekaa juu yake. Mtukufu, wakati ule koplo mwembamba mwenye buti moja lililopasuka, alipanda na wenzake kumi na wawili, wakapiga risasi hewani, wakashuka na mbuzi ishirini na sita. Adui hakuonekana. Mbuzi kumi na mmoja walikuwa wa mama yangu. Nalitaja hili ili historia isipotee, si kwa chuki. Chuki ninayo, lakini hii ni historia.

Basi ikatungwa Sheria ya Adabu ya Mawasiliano. Ilisema kwamba barua, simu, tangazo au ujumbe wowote wa serikali utaanza na sifa zote za Mtukufu, kwa mpangilio wake, bila kupunguza wala kufupisha. Ujumbe usioanza hivyo si ujumbe. Aliyeutuma hakutuma kitu, aliyeupokea hakupokea kitu, na wote wawili watakamatwa. Nimewahi kuona kwa macho yangu karatasi ya hospitali ya wilaya ikiomba ndoo ya kudekia wodi ya wazazi. Mistari mitano ilikuwa ya Mtukufu, nusu mstari ulikuwa wa ndoo. Mistari ilijibiwa kwa shukrani. Ndoo haikuja.

*

Mpakani mwa nchi hiyo kuna mto uitwao Lusengezi, na katikati ya mto kuna kisiwa cha mchanga. Kiangazi kinatokea, masika kinazama. Miezi minne kwa mwaka ni ardhi takatifu ya taifa, miezi minane ni makazi ya kambare. Jirani wa ng'ambo naye alikidai, kwa miezi ile ile minne. Hapo ndipo wakuu wetu walipogundua kwamba jirani anasikiliza simu za jeshi letu, na kwamba tunahitaji mashine za fumbo.

Zikaja kutoka nchi za mbali, ndani ya makasha ya mbao. Padri akaziombea, shehe akaziombea, bendi ikapiga. Kisha makasha yakakaa wiki tatu bila kufunguliwa, kwa sababu yalikuwa na muhuri wa SIRI KUU na hakuna ofisa aliyekuwa na cheo cha kuona kilichomo. Mwishowe Jenerali Felisiani Kabwogi, mkuu wa majeshi, alijiandikia kibali, akajiombea ruhusa, akajikubalia.

Mashine zilikuwa za aina mbili. Moja ya maandishi, ambayo unaiunga na teleprinta, ile taipu inayotuma maandishi kwa waya: unapiga maneno ya kawaida upande huu, upande ule yanatoka majivu ya herufi, na huko yanakokwenda mashine nyingine inayarudisha kuwa maneno. Ya pili ilikuwa ya sauti, unaiunga na simu. Mtaalamu wa kigeni aliyekuja nazo, mtu mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni, alimwomba Jenerali aseme chochote kwenye simu, ili asikie jinsi adui atakavyoisikia sauti yake.

"Mimi ni Jenerali Kabwogi!" akanguruma Jenerali.

Kwenye spika ikatoka sauti ya bata anayekabwa.

Jenerali akageuka polepole.

"Nani huyo?"

"Ni wewe, Jenerali," akasema mtaalamu, akitabasamu kwa fahari ya kazi yake.

"Mimi?"

"Hivyo ndivyo adui atakavyosikia. Hataelewa neno."

"Ataelewa kwamba jeshi hili linaongozwa na bata!"

"Hatajua ni nani, mzee. Hiyo ndiyo faida yake."

"Hatajua ni nani? Nimepanda vyeo miaka thelathini na moja, nisijulikane ni nani?"

Siku ile ile ikatoka amri. Maofisa kuanzia cheo cha kanali kwenda juu wataongea kwa sauti yao halisi, aliyowapa Mungu na kuithibitisha Mtukufu. Wa chini yao watajibu kwa fumbo. Mtaalamu aliomba amri hiyo aandikiwe kwenye karatasi, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa kalamu, akapanda ndege kesho yake bila kuaga.

Kuanzia hapo, jirani wa ng'ambo ya Lusengezi alikuwa akisikia hivi: "Mizinga minne bado iko nyuma ya shule ya Kibwera?" Kisha bata anajibu. Kisha Jenerali, ambaye masikio yake hayakuwa mazuri, anahakikisha: "Unasema miwili imeharibika? Miwili? Ile ya kulia?" Bata anakubali. "Basi ihamisheni ile mizima kwenye zahanati!" Fumbo lilifanya kazi yake vizuri kabisa. Hakuna aliyewahi kujua bata alikuwa nani.

*

Ya sauti tuiache, ilikuwa ya kuchekesha tu. Iliyoua ni ya maandishi.

Chumba cha mashine za maandishi kilikuwa chini ya makao makuu, na aliyekiendesha kwa kweli alikuwa Sajini Mwasiti Lugome. Nasema kwa kweli, kwa sababu kwa karatasi kiliendeshwa na Meja Teofili Ndimbo, ambaye kazi yake ilikuwa kusaini kwamba kimeendeshwa. Mwasiti alitoka shule ya simu ya posta, mwanamke wa miaka thelathini na nane, mrefu, mwenye kuongea taratibu kama anayekupa muda wa kuandika. Wazazi wake walikufa akiwa na miaka kumi na sita, akabaki na mdogo wake wa kiume, Sadala, aliyekuwa na minne. Alimlea, akamsomesha, akamwona akivaa nyota za luteni. Sadala sasa alikuwa na platuni yake huko Lusengezi, kwenye kombania ya Kivuko cha Mabungo, akitazamana na kile kisiwa cha mchanga.

Mashine ilikuja na kitabu. Kitabu hakikuwa na muhuri, kwa hiyo Wizara ilikitafsiri makasha yakiwa bado yamefungwa. Nakala ya Mwasiti ilianza ukurasa wa tatu, na mbele ya ukurasa huo kulikuwa na ukingo mwembamba uliokatwa kwa wembe. Mtu mwingine angeendelea kusoma. Mwasiti, kabla mtaalamu hajaondoka, alikuwa amemuuliza ukurasa wa kwanza ulisema nini. Ulisema jambo moja tu, kwa herufi nzito: usianze ujumbe wako kwa maneno yale yale kila siku.

Wizara iliona ukurasa huo unamtukana Mtukufu, ikaukata.

Mwasiti hakusema kitu mwanzoni. Alikuwa askari, na askari anajifunza kuhesabu kabla ya kusema. Kila siku alipiga jumbe arobaini, hamsini, na kila moja ilianza na Mtukufu Rais, Amiri Jeshi wa Nchi Kavu na Bahari, mpaka kule kwa mbuzi wa mama yangu. Kisha akaanza kusikiliza redio ya jirani.

Saa kumi alasiri redio ile ilikuwa na kipindi cha salamu, kama redio zote za Mungu. Fulani anamsalimu fulani, mjomba yuko wapi, tupigieni muziki. Siku moja mtangazaji akasema: "Salamu za pekee ziwafikie vijana wa Kivuko cha Mabungo, upande wa pili. Poleni sana kwa ule mchele wenye wadudu. Ukiloweka na chumvi wanaelea."

Mwasiti alikuwa amepiga ujumbe wa mchele wenye wadudu asubuhi ya siku hiyo hiyo. Kwa fumbo.

Wiki iliyofuata redio ikampongeza bwana ghala wa jeshi letu kwa kupata mapacha, ikataja uzito wao. Kule Mabungo askari walicheka mpaka wakashika mbavu. Walikaa kuizunguka redio kila alasiri kungoja salamu zao, kama watoto wanaongoja mandazi. Lakini waliojua habari ya mapacha ni watu watatu na mashine mbili.

*

Mwasiti akaenda kwa Meja Ndimbo.

"Afande, wanatusoma."

"Nani?"

"Jirani. Kila ujumbe."

"Haiwezekani. Mashine ina ufunguo wa siku. Mimi mwenyewe nausaini."

"Ufunguo ni mzuri, Afande. Lakini chukua mfano wa kufuli ya namba. Mwizi hana namba. Ila kila asubuhi sisi tunampelekea ile kufuli na kumwambia, haya maneno ya mwanzo unayajua, na hivi ndivyo yalivyotoka yakifumbwa. Anakaa analinganisha, neno kwa neno, mpaka ajue magurudumu ya mashine yamekaaje. Akishajua, ujumbe wote wa siku ile ni wake. Pamoja na mapacha."

"Maneno gani ya mwanzo?"

Mwasiti akaelekeza kidole kwenye picha ya Mtukufu ukutani. Meja akaelewa, na alipoelewa alisimama, akafunga dirisha, akakaa tena.

"Sajini. Umekunywa kitu?"

"Sijanywa, Afande."

"Basi kunywa. Halafu uje useme ulikuwa umekunywa. Hilo naweza kukutetea."

"Sisemi tuzifute, Afande. Tuzihamishe. Leo ziwe katikati, kesho ziwe mwisho, keshokutwa..."

"Mwisho!" Meja akashika kichwa. "Mwanangu wa mwisho anaanza shule mwakani, Sajini. Unanisikia? Mwakani."

Hata hivyo, lazima nimpe haki yake: alipeleka suala mbele. Alilipeleka kwa sababu aliogopa kulificha zaidi kuliko alivyoogopa kulisema. Wakaketi maofisa kumi na wanne chini ya Jenerali Kabwogi, na Mwasiti akaitwa asimame mbele yao. Alieleza yote, na kufuli, na salamu za redio. Walisikiliza kwa umakini ambao sijawahi kuwaona watu wakiutumia kwa jambo la maana.

"Kwa hiyo, kwa maoni yako," akasema Jenerali, "Mtukufu asitangulie."

"Kwenye mashine tu, Afande."

"Atangulie nani?"

"Si mtu, Afande. Neno lolote lisilotabirika. Hata 'mchele'."

Karani aliacha kuandika, kisha akaandika kwa kasi.

"Mchele," akarudia Jenerali. "Mchele mbele ya Mtukufu."

"Ni mfano, Afande."

"Wenye wadudu, au uliochambuliwa?"

Wakacheka wote kumi na wanne. Mwasiti hakucheka. Akasema, taratibu vile vile, kwamba kuna watu mia moja na ishirini pale Mabungo, na siku watakapotumwa kufanya jambo, jirani atajua saa, mahali na idadi kabla ya wao wenyewe.

Kanali mmoja akanyanyua mkono. Alikuwa na digrii. Akasema kwamba kitaalamu, kama adui kweli anasoma, basi kitu cha kwanza anachokutana nacho kila siku ni sifa za Mtukufu, na kwa hiyo kila siku anaanza kazi akiwa na hofu. Hiyo si hasara, hiyo ni silaha. Wakapiga makofi. Kikao kikaazimia kwamba sifa ziwekwe mwanzoni na zirudiwe mwishoni, ili adui aogope akiingia na akitoka. Na kwa kutambua mchango wa Mtukufu katika usalama wa mawasiliano, aongezewe sifa ya saba: Mlinzi wa Siri.

Mwasiti alirudi chini kwenye chumba chake. Sasa aliyekuwa akitafuta namba za kufuli alipewa maneno ya kulinganisha pande zote mbili.

*

Kiangazi kikafika, kisiwa kikatoka majini, taifa likakasirika. Jumatatu moja ikateremka amri. Kombania ya Mabungo itavuka Alhamisi saa tatu asubuhi kwa boti za mpira, watu wote mia moja na ishirini, itue upande wa kusini wa kisiwa, isimike bendera, na ipige picha kabla ya saa nne kwa sababu gazeti la serikali linafunga kurasa mchana. Amri ikaletwa kwa Mwasiti aipige.

Aliipiga. Mnaweza kumlaumu. Yeye mwenyewe alijilaumu. Alipiga sifa saba, akapiga saa, akapiga boti, akapiga upande wa kusini, akapiga sifa saba tena, na Sadala alikuwa ndani ya ile mia na ishirini.

Akamwendea Meja Ndimbo mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa kwenye mazoezi ya sherehe za picha. Mara ya pili alimwambia amri imeshatoka, na amri haiingii tena. Mara ya tatu alikuwa ndani, na karani akasema hayupo, na viatu vyake vilionekana chini ya pazia.

Alasiri ya Jumatano Mwasiti akafungua redio ya jirani. Wakasalimiwa wavuvi, wakasalimiwa wagonjwa, akasalimiwa bibi harusi wa mji fulani. Kipindi kikaisha, ikasomwa taarifa ya habari. Vijana wa Mabungo hawakusalimiwa. Kwa mara ya kwanza tangu mchele, hakuna hata neno.

Hapo ndipo alipojua. Mtu anayekutania kila siku akiacha ghafla kukutania, ujue ameanza kazi.

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi, Mwasiti alikaa mbele ya mashine, akapanga magurudumu, kisha akayaacha. Hakukuwa na haja ya kumficha jirani kitu. Akaunga teleprinta moja kwa moja na laini ya Mabungo, akapiga maneno matano.

*

Kule mtoni, aliyepokea alikuwa Koplo Gaspari, fundi wa mawasiliano wa kombania. Akatoka kwenye gari la redio akikimbia na karatasi mkononi. Kapteni Mboneko, mkuu wa kombania, alikuwa ameshaingiza mguu mmoja kwenye boti.

Karatasi ilisema: *Sadala msivuke. Wanatusoma. Dada Mwasiti.*

"Mbona fupi hivi?" akauliza Kapteni.

"Ndivyo ilivyokuja, Afande."

"Sifa ziko wapi?"

"Hazipo."

"Zimekatikia njiani?"

"Hakuna kilichokatika, Afande. Imeanza na jina la Luteni."

Kapteni akaishika karatasi kwa ncha za vidole. "Hii si ujumbe," akasema. "Kisheria, hapa mkononi sina kitu."

Luteni Sadala akasogea. "Afande, una karatasi."

"Sina."

"Naisoma kutoka hapa."

"Unasoma karatasi, Luteni. Ujumbe hujauona."

"Huyu ni dada yangu. Amenilea tangu nina miaka minne. Siku nikipasua sahani alikuwa haniulizi mara mbili, na sikuwahi kumsikia akipiga kelele bure. Akisema wanatusoma, wanatusoma. Jana hawakutusalimia, Afande. Vijana wote walishangaa."

"Kweli, Afande," akadakia askari mmoja kutoka boti ya pili. "Mimi nilidhani tumewakosea."

Baadhi wakacheka. Kapteni hakuwa mtu mbaya, na hili ndilo linaloniumiza mpaka leo, maana ningependa awe mbaya. Akasogea karibu na Sadala na kushusha sauti.

"Nikibaki hapa kwa karatasi hii, nitajitetea vipi? Kwamba nimepokea kisichopokelewa? Nimekaa chini ya wakubwa wetu miaka kumi na tisa. Adui anaweza kunikosa. Wao hawakosi."

"Na hawa kwenye boti, Afande?"

Kapteni akaangalia saa yake. Sadala akageuka, akaita kwa sauti ambayo mto wote uliisikia: "Platuni ya tatu! Shukeni! Wote chini, boti juu!"

Watu thelathini na tisa wakamtazama Kapteni, wakamtazama Luteni, wakashuka.

"Nitakushitaki nikirudi," akasema Kapteni Mboneko.

"Rudi tu, Afande," akasema Sadala. "Rudi unishitaki."

Wakavuka sabini na tisa. Upande wa kusini wa kisiwa, kwenye mchanga mtupu usio na hata kichaka cha kumficha kanga, jirani alikuwa amelenga bunduki zake tangu Jumanne. Haikuchukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Wale arobaini na mmoja waliobaki ukingoni, Gaspari akiwemo, walilala kifudifudi kwenye matope, wakiwaita wenzao kwa majina. Hakuna aliyeitika, na hakuna aliyerudi kumshitaki mtu.

*

Gazeti la serikali lilisema kisiwa kimekombolewa, na kwamba mashujaa sabini na tisa wamebaki huko kulinda ushindi. Wake zao wakaomba kwenda kuwaona. Wakaambiwa ni eneo la kijeshi. Masika ikafika, kisiwa kikazama kama kawaida yake. Wakauliza sasa wanalinda wakiwa wapi. Msemaji wa jeshi, akiwa amesimama wima na vifungo vyote vimefungwa, akajibu kwamba wanaendelea kulinda. Mimi majina yao ninayo, sabini na tisa, na ya wake zao, na jina la yule msemaji pia ninalo.

Tume ikachunguza mashine. Ikaikuta safi, imepakwa mafuta, magurudumu yanazunguka. Hivyo siri haikuvujishwa na mashine. Hivyo ilivujishwa na mtu. Na mtu pekee aliyekuwa amesema mapema kwamba adui anajua ni Sajini Mwasiti Lugome, sasa yeye alijuaje?

Kesi ilisikilizwa asubuhi mbili. Mwendesha mashitaka alikuwa yule kanali mwenye digrii.

"Ujumbe wako ulikuwa na maneno mangapi?"

"Matano."

"Na kabla ya hayo matano kulikuwa na nini?"

"Hakuna."

Mahakama nzima ikaguna.

"Hakuna hata moja? Hata Baba wa Mvua?"

"Palikuwa na nusu saa tu," akasema Mwasiti. "Nilichagua watu."

Kisha akaomba kuuliza swali, na jaji, kwa uzembe, akamruhusu. "Sheria inasema ujumbe usio na sifa si ujumbe, na aliyeutuma hakutuma kitu. Sasa mheshimiwa, mnanishitaki kwa kutotuma kitu?"

Jaji akatazama dari. Akaahirisha kwa ajili ya chai. Aliporudi alisoma kwenye karatasi iliyoandikwa kwa wino usio wake: "Mahakama imeridhika kwamba mshitakiwa hakutuma kitu, na kwamba alikituma kwa makusudi." Akampa miaka saba, mwaka mmoja kwa kila sifa iliyoachwa. Suala la mchele wakalihesabu kama onyo.

Wale arobaini na mmoja walifukuzwa jeshini kwa kosa la kubaki hai bila maelekezo. Walivuliwa magwanda uwanjani, mbele ya bendi. Wamekatazwa kukusanyika zaidi ya watatu mahali popote, isipokuwa msikitini, kanisani, na kwenye foleni ya huduma. Koplo Gaspari akafungua banda la kunyolea. Kunyoa ni huduma. Sasa ukipita pale siku yoyote utakuta benchi limejaa wanaume wenye nywele fupi tayari, wakingoja zamu ya kunyolewa, na Sadala akiwa mwisho wa benchi, na hakuna askari aliyepata kifungu cha kuwafukuza.

Gereza alikofungwa Mwasiti linaruhusu mgeni mmoja kwa mwezi, dakika kumi. Sheria inadai mgeni aanze mazungumzo kwa sifa zote saba, na zikisomwa kwa heshima zinakula dakika nne. Hakuna hata mmoja wa wale arobaini na mmoja aliyewahi kuzitaja. Askari jela wa zamu hutazama dirishani mpaka waanze kuongea habari za nyumbani: nani kaoa, nani kapata mtoto wa kike, wangapi kati ya hao watoto wa kike wameitwa Mwasiti. Mara ya mwisho walikuwa tisa.

Miaka saba ni miezi themanini na minne. Orodha iko ukutani kwa Gaspari, kando ya kioo, imeandikwa kwa rula. Watu arobaini na mmoja, kila mmoja mara mbili, Sadala wa kwanza na wa mwisho wa mzunguko. Hiyo ni themanini na miwili. Miezi miwili ilibaki bila mtu. Mmoja nimeandika jina langu, la kwanza na la ukoo, kwa herufi kubwa, ili anayepaswa kulinakili asipate tabu.

Mmoja bado uko wazi. Banda la Gaspari lipo nyuma ya stendi kuu, mlango wa kijani, linafunguliwa saa mbili asubuhi. Kalamu imefungwa kwa uzi kwenye msumari.